Jiwe Linalochoka

Asubuhi ile niliondoka Kasungami bila kujua ninaenda wapi. Kwangu si jambo geni. Chumba nilichopanga kando ya mashamba ya mboga kilikuwa kimejaa baridi ya mwezi wa saba, ile inayoingia kwa chini ya mlango na kukaa. Nikakunja blanketi, nikatia shati la pili kwenye mfuko, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake. Alikuwa anamwagilia sombe, majani yake ya muhogo. Alipokea ufunguo kwa mkono uliolowa, akaendelea kumwagilia. Hakuniuliza niendako. Nilipofika barabarani ndipo nilipowaza kwamba katika mji mzima wa Lubumbashi hakuna mtu ambaye jioni ile angesema, "Mbona yule hajarudi?"

Nikapanda pikipiki hadi mahali kamyo za Likasi zinapongoja abiria wa juu ya mizigo. Moja ilikuwa tayari inanguruma, imepakia unga, chumvi na madumu ya mafuta, mali ya mfanyabiashara wa Butembo, mmoja wa wale watu wa Kivu wanaouza jumla huku kwetu na wasiowasha injini kabla ya kusali. Dereva alipomaliza amina yake, nikamuuliza waendako.

"Likasi, kisha Kambove. Na weye?"

"Kule kule."

"Kule kule ni wapi?"

"Kule munaenda."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Panda. Lakini ku mbele haiko nafasi."

Juu ya magunia nilimkuta mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu, mchimbaji wa mawe, anarudi kwao Kambove baada ya kuuguza kaka yake mjini. Nyumba zikaisha. Nilikuwa na chungwa moja. Mimi nina tabia ya kurusha vitu juu nikiwa sina la kufanya, basi nikalirusha, nikalidaka.

"Utalipoteza, yaya," yule mtu akasema, akiniita kaka kwa heshima. "Kamyo inakimbia. Litabakia ku nyuma."

"Angalia."

Nikalirusha tena, wima. Likarudi kwenye kiganja. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Weye uko kama ule muzee wa kwetu Kambove. Anakaaka pa barabara, anaulizaka bantu maulizo ya bulozi."

"Maulizo gani?"

"Mimi aliniuliza: blanketi inapika moto, ao inachunga moto ya mwili yako? Nikamwambia inapika, kila muntu anajua. Akasema: hapana, rudi kesho. Na tangu pale, jina langu haiko tena. Ananiitaka Blanketi. Hata bibi yangu sasa ananiita Blanketi."

Chungwa lilibaki mkononi mwangu. Duniani ninamjua mtu mmoja tu anayefanya hivyo. Nilikuwa nimempoteza kwa miaka, na nilikuwa nimejiambia kwamba huenda amekufa.

Alikuwa mwalimu wetu wa fizikia. Huku kwetu mwalimu wa sekondari anaitwa Prof, na yeye watu walimwita Ba Prof, kwa heshima, kana kwamba alikuwa wengi. Alivaa koti moja la kahawia lenye vumbi la chaki kwenye mfuko wa kulia, kwa sababu aliweka chaki pamoja na jiwe. Jiwe hilo lilikuwa la kijani, kipande cha madini kutoka Kambove alikoolewa dada yake, na ndilo lililokuwa maabara yetu yote. Shule haikuwa na kitu kingine. Madirisha hayakuwa na vioo. Alifundisha kwa jiwe, kijiko cha chuma, kijiko cha mti na blanketi alilolileta kutoka nyumbani chini ya kwapa, na mvua ikinyesha juu ya mabati alinyamaza, kwa kuwa hakupenda kupaza sauti.

Maswali yake yalikuwa mepesi kiasi cha kukutia aibu. Vijiko viwili vimelala mezani usiku kucha, cha chuma na cha mti. Asubuhi, kipi kina baridi zaidi? Kilo ya makaa na kilo ya shaba, ipi nzito? Ukijibu vibaya hakukusahihisha. Hakukuambia jibu, hata ungepiga magoti. Alisema, "Hapana. Rudi kesho." Na kuanzia hapo kosa lako likawa jina lako. Darasani tulikuwa na Kilo ya Shaba, tulikuwa na Kijiko, na binti mmoja mkimya aliyeitwa Kivuli kwa sababu ya jambo alilosema kuhusu jua. Majina tuliyopewa na wazazi hakuyashika kamwe. Aliyatazama kwenye daftari la shule kama mtu anayesoma matangazo ya mazishi ya watu asiowajua.

Na ukijibu sawa, alikushika mkono, akasema, "Umepita. Enda." Basi. Hakukuuliza tena swali lile, na ukipita yote hakukuuliza tena chochote.

Wengi walidhani hilo ni tunzo. Mimi nilichelewa kuona lilivyokuwa.

Nakumbuka siku mimi na yeye tulipokuwa tumekaa mbele ya chumba chake kule Karavia. Aliishi katika kijumba cha nyuma, kwenye lupango, ua wa nyumba kubwa ambayo mwenyewe alikuwa Ulaya. Alimlindia, na kwa hiyo alilala bure. Lango likagongwa, likaingia gari zuri, akashuka mwanamume wa suruali iliyopigwa pasi. Alikuwa injinia katika mgodi fulani. Akaja na mikono yote miwili mbele.

"Ba Prof. Munanikumbuka?"

Mzee akamtazama kwa muda mrefu, tena kwa bidii ya kweli.

"Ulikosaka nini?"

"Kukosa?"

"Kosa yako. Ilikuwa gani?"

"Sikukosaka, Ba Prof. Nilikuwa wa kwanza miaka yote."

"Ah," Ba Prof akasema. "Basi njo maana sikukumbuke."

Injinia alikaa dakika chache, akanywa nusu ya kikombe cha munkoyo, akaondoka. Alipofunga mlango wa gari niliuona uso wake, na sikuutamani. Ba Prof aliinua kile kikombe, akamalizia nusu iliyobaki, akaniambia, "Alikuwa mutoto wa akili, bila shaka."

Hakuwa mtu wa kudharau makosa. Aliyapanga. Kosa baya, alisema, ni lile ulilolichukua kwa mwenzako bila kutazama. Kosa zuri ni lile uliloliona kwa macho yako mwenyewe. Kosa zuri alilibeba kama mtu aliyepewa yai.

Mwaka mmoja wa mvua kamyo ilizama kwenye tope la Kasungami, na vijana wa kubeba mizigo wakaisukuma tangu mchana mpaka jua likaanza kushuka. Haikusogea hata upana wa kidole. Ba Prof alikuwa amekuja kununua mboga, akasimama kando, mikono nyuma, akangoja wapumzike.

"Bandugu, leo mumefanya kazi ngapi?"

"Hauone jasho?" mmoja akamjibu.

"Jasho ninaona. Kamyo imetembea?"

"Haikutembea."

"Basi kwa fizikia, kazi ni sufuri."

Nilidhani watampiga. Lakini mama aliyekuwa anawapikia kando ya barabara alikwisha kusikia, akaweka mwiko chini. "Muzuri. Na bukari ya leo ni sufuri. Kwa fizikia." Wakacheka mpaka wengine wakakaa topeni. Kijana wa kwanza peke yake hakucheka. Alikuja mpaka mbele ya mwalimu, akamwonyesha viganja vyake vilivyochubuka, akasema taratibu, "Papa, jasho njo kazi." Ba Prof akamwangalia viganja, akasema, "Hapana. Rudi kesho." Mama yule alimpa Ba Prof bukari, yaani ugali, mwisho wa wote, ukoko mtupu, naye akaula akiwa amesimama. Njiani tukirudi alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. "Ule muntu," akasema, "amekosa muzuri sana." Miaka baadaye alikuwa bado anamtaja: sijui Jasho Njo Kazi iko wapi leo.

Msimdhanie mtu wa sayansi tupu. Radi ilipoanza kupiga, na Lubumbashi radi si mzaha, huyu aliyetufundisha umeme alifunika kioo chake kwa kitambaa, akavua saa, akakaa katikati ya chumba bila kuongea mpaka mvua iishe. Nilimwuliza kioo na radi vinahusiana nini.

"Hakuna."

"Sasa juu ya nini munakifunika?"

"Hii haiko fizikia," akasema. "Hii ni mama yangu."

Tena alifundisha mizani na usawa, lakini hakuweza kuendesha baiskeli. Alikwenda kila mahali kwa miguu, akiegemea mbele kidogo, na mtu angemwona kutoka mbali angesema anakwenda kumlaki mtu.

Hakuna aliyekuwa anakuja, isipokuwa sisi tuliokosa. Mkewe alikufa kabla sijamjua. Alikuwa na binti mmoja, yuko Afrika Kusini, na kila Jumapili binti alipiga simu. Nilikuwepo mara kadhaa. Ba Prof alishika simu kwa mikono miwili. Mvua imenyesha? Eyo. Na kwenu? Kidogo. Unakula? Ninakula, papa. Kisha kimya, kimya cha watu wawili wanaopendana na wanaosikia hela ya simu ikiisha. Jumapili moja alipomaliza aliiweka simu juu ya meza, kifudifudi, akasema bila mimi kumwuliza:

"Ule mutoto hakukosaka. Nilimuuliza ya vijiko akiwa mudogo, akajibu. Ya blanketi, akajibu. Yote. Nilifurahi. Nilimwambia umepita, umepita." Akalitoa jiwe mfukoni, akaligeuzageuza. "Sasa sijue nimuulize nini."

Nikamwambia angeweza kumwuliza kitu chochote, hata habari za majirani zake. Akanitazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyetaja somo jingine.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na dirisha. Alirusha jiwe juu, wima, likafika karibu na mabati, likasimama kidogo, likarudi kwenye kiganja chake. Akauliza: pale juu, pale linaposimama, kuna nini pale? Mmoja akasema nguvu ya mkono imeisha. Mwingine akasema hakuna kitu. Alipofika kwangu nikasema, "Libwe linachoka, Prof."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu. Nimeona."

Akaja mpaka kwenye dawati langu, akanitazama kwa karibu. "Hapana," akasema. "Rudi kesho." Na tangu siku ile nikawa Libwe Linachoka.

Mwaka huohuo niliacha shule. Baba alikuwa amepoteza kazi, mama alirudi kwao, na mimi nilikuwa na miguu isiyotulia. Hakuna zaidi ya hapo. Nimekuwa Kasumbalesa, nimekuwa Kolwezi, Kipushi, Pweto, nimelala kwenye maghala na makanisa. Lakini kila nilipopita Lubumbashi nilikwenda Karavia kumpelekea jibu jipya. Jiwe linaogopa kimo. Hapana, rudi kesho. Hewa inalisukuma. Hapana, na hiyo umeichukua kwa muntu, rudi kesho. Mara nyingi sikurudi kesho, nilirudi baada ya mwaka, na alifungua lango akiwa tayari anasema, "Libwe Linachoka. Umechelewa." Katika maisha yangu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia nimechelewa. Ili uchelewe lazima mtu awe anakungoja.

Jibu nililipata Kolwezi, kwenye jengo. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya mbao za ujenzi na kudaka matofali yaliyorushwa kutoka chini. Mrushaji akiwa mzuri, tofali linakufikia mkononi wakati uleule linaposimama. Huna haja ya kulikamata, unaliwekea mkono chini tu. Siku nzima, tofali baada ya tofali, likisimama hewani mbele ya macho yangu, na kila nilipoliwekea mkono lilikuwa zito vilevile. Halikuwa limepumzika. Halikuwa limechoka. Uzito wake ulikuwa umelishika tangu lilipotoka chini, ulilishika likipanda, ulilishika pale juu likisimama, na ulilishika likirudi. Haukuliachia hata kidogo. Nilikosa kudaka lililofuata, likampita fundi karibu na sikio, nikatukanwa na jengo zima, na nilikuwa ninacheka.

Nikapanda gari kwenda Lubumbashi. Lango la Karavia lilikuwa limepakwa rangi mpya, ya bluu. Mlinzi nisiyemjua akafungua kidirisha. Nyumba imeuzwa, akasema. Muzee gani? Hapa hakuna muzee. Nilikaa barabarani pale kitambo, na jibu langu mdomoni, kama mtu aliyebeba bakuli la supu na hajui wapi pa kuliweka. Nikauliza shuleni, nikauliza sokoni. Kisha nikaendelea na safari zangu.

Hayo yote niliyawaza juu ya magunia ya chumvi, mpaka Likasi, na kutoka Likasi mpaka vilima vyenye mashimo ya Kambove. Chungwa tukaligawana.

Kamyo ilisimama sokoni jua likiwa bado juu. Blanketi alinipeleka. Pembeni mwa kibanda cha kuuza vocha za simu, juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, alikuwa amekaa. Koti lilikuwa lilelile. Ndani yake alikuwa amepungua, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe.

"Ba Prof, nimewaletea mugeni."

"Blanketi? Bado inapika?"

"Bado, Ba Prof."

"Rudi kesho." Watu wa kibandani wakacheka, kicheko cha kila siku. Akageuza uso upande wangu. "Mugeni, karibia."

"Jambo, Ba Prof."

"Jambo. Unatoka wapi?"

"Lubumbashi."

Hakunitambua. Sauti yangu imekwaruzwa na moshi na miaka, na macho yake hayakuwa na kazi tena. Ningeweza kumtajia jina langu, lakini jina hilo hakulijua hata wakati ule. Akaingiza mkono mfukoni, akalitoa jiwe la kijani, likiwa limelainika kwa kushikwa. Akalirusha juu, wima, bila kulitazama, akatandaza kiganja, likarudi.

"Pale juu," akasema. "Pale linasimama. Kuko nini pale?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelibeba kutoka Kolwezi, zuri, zima, halina ufa. Nililitaka lisikike. Nilitaka alione, yeye ambaye hakuona tena kitu, nilitaka ajue kwamba mtoto wa karibu na dirisha alifika mwisho wa swali lake. Na papo hapo nilijua kitakachofuata: angenishika mkono, angesema umepita, enda. Ningekwenda. Kesho yake angekuwa hanikumbuki, kama yule injinia, na mimi ningekuwa mgeni aliyepita Kambove.

Blanketi alinisukuma kwa kiwiko. "Jibu, yaya. Anangojea."

"Libwe linachoka, Ba Prof," nikasema.

Kiganja kilichokuwa kinajiandaa kurusha tena kikasimama. Akakaa hivyo, jiwe likiwa ndani. Kisha akanyoosha mkono mwingine, akapapasa hewani mpaka akapata shati langu, akalishika.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, Ba Prof."

"Nilienda bila kuacha neno. Nyumba iliuzwa haraka, nikakuja huku kwa dada yangu. Nikasema, ule hana nambari ya simu, atanipata namna gani." Hakuliachia shati. "Miaka yote hii. Na bado linachoka?"

"Bado."

Akainamisha kichwa, akasikiliza, kana kwamba swali lilikuwa limejibiwa mahali pengine nyuma ya maneno yangu. Uso wake ukalegea pembeni mwa mdomo, karibu tabasamu.

"Muzuri," akasema. "Siku litapumzika, utaniambia. Rudi kesho."

Chumba nilikipata nyuma ya soko, kwa mama mmoja anayeuza unga. Kina kitanda, msumari wa kutundikia shati, na dirisha linalotazama kifusi cha mgodi wa zamani. Mama yule alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, akanitazama mimi na mfuko wangu mdogo, kama wenye nyumba wote wanavyonitazama.

"Uko na bantu yako huku?"

"Eyo, mama," nikamwambia. "Kuko muntu ananingojea kesho."

Akanipa ufunguo.